Shajara ya mboji ya nyanda za baridi: bustani ya uani, Uyole, Mbeya

9 Juni 2024. Eneo, udongo na biwi la kwanza

Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaolima uani huku juu: Mbeya, Iringa, Njombe, Makete. Maelekezo mengi ya mboji yanayozunguka yanasema panga tabaka, mwagilia, geuza, baada ya wiki chache chota. Ni kweli kwa anayeishi penye joto. Huku kwetu mwezi huu usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na mchana upepo mkavu unakausha hata nguo nzito. Nataka kuona mboji inakubali vipi hali hiyo, na kwa shilingi ngapi.

Eneo ni uani nyuma ya jiko, mita 8 kwa 6, jua linalipiga tangu asubuhi hadi saa tisa. Udongo ni ule wetu wa kijivu cheusi wenye asili ya majivu ya volkano: mwepesi, jembe linaingia bila kubembelezwa, na una vijiwe ambavyo ukivitupa kwenye ndoo ya maji vinaelea. Shida yake ni kwamba maji hayakai, na fosforasi unaikamata kwa nguvu kiasi kwamba mmea hauipati kirahisi. Msimu uliopita figiri zilitoka za njano, na miche ya nyanya ikawa na zambarau chini ya majani. Zambarau hiyo huashiria upungufu wa fosforasi, ingawa baridi nayo huileta, kwa hiyo sikuihukumu moja kwa moja.

Masharti niliyojiwekea ni mawili: hakuna mbolea ya chumvichumvi, hakuna dawa ya dukani.

Biwi la kwanza nimelipanga leo: mabua ya mahindi chini, maranda ya paina kutoka kwa fundi seremala, samadi ya ng'ombe, mabaki ya jikoni, udongo kidogo, kisha narudia. Upana mita 1, kimo kinafika magotini. Katikati nimechomeka kijiti kirefu cha kupimia joto. Ukikichomoa kikiwa cha moto, biwi linafanya kazi. Kikiwa cha baridi, kuna kitu kimekosekana.

Gharama: samadi ya ng'ombe viroba 4 kwa 2,500, jumla 10,000. Maranda bure, guta la kuyaleta 4,000. Vigingi vya kuzungushia 6,000.

23 Juni. Biwi limelala

Kijiti kinatoka cha baridi kama kilivyoingia. Nimefukua hadi katikati: mabua yana rangi ile ile, maranda yananukia mbao mbichi, maganda ya ndizi ndiyo pekee yaliyolainika.

Bibi jirani, mwenyeji wa Rungwe aliyelima migomba na kahawa maisha yake yote, alisimama kwenye uzio akaangalia. Baada ya salamu akasema, "Mwanangu, hapo umezika maranda. Hujaozesha kitu."

Ni kweli, na sababu yake inaeleweka kwa hesabu. Vijidudu vinavyoozesha takataka vinataka kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu 1 ya nitrojeni. Samadi ya kuku ina kaboni kama sehemu 10 tu kwa 1, majani mabichi kati ya 15 na 20, samadi nzuri ya ng'ombe karibu 20. Mabua makavu yanafika 60 hivi. Maranda yanavuka mia kadhaa. Toroli moja la maranda linameza nitrojeni yote ya viroba vile vya samadi na bado linadai. Na samadi yenyewe ilikuwa imekaa juani kwa muda mrefu, nyepesi, haina harufu. Harufu kali ya samadi ni nitrojeni inayoruka, kwa hiyo isiyonuka kabisa mara nyingi imeshairusha yote.

Kitu cha pili ni ukubwa. Biwi dogo linapoteza joto kuliko linavyotengeneza, na kwa baridi ya Juni kimo cha magotini hakiwezi kujilinda. Mita 1 kila upande, yaani urefu, upana na kimo, ndicho kiwango cha chini cha kufanyia kazi. Huku juu ningeongeza kidogo.

Hapa nitoe angalizo kwa wenzangu wa Mbeya hasa. Takataka mbili zinazopatikana bure mjini kwetu ni maranda na maganda ya mpunga, kwa kuwa mchele wa Kyela na Usangu unakobolewa kila kona. Zote mbili ni mbaya kwa biwi. Maganda ya mpunga yana silika nyingi, madini magumu kama ya mchanga, yanakaa mwaka mzima bila kubadilika. Yatandaze kwenye banda la kuku, au yachome kwa moto hafifu usio na hewa ya kutosha mpaka yawe mkaa mweusi, ndipo uchanganye na udongo. Yakigeuka majivu meupe umepoteza faida kubwa.

6 Julai. Kulisuka upya

Maranda nimeyatenga, yatakuwa ya njia kati ya matuta. Mabua nimeyakatakata kwa panga, vipande visivyozidi kiganja, nikayaloweka kwenye pipa usiku kucha. Kuloweka ni muhimu kuliko nilivyodhani: bua kavu ukilimwagilia kwa juu, maji yanateleza tu, ndani linabaki kavu.

Sasa nitrojeni. Nilinunua samadi ya kuku viroba 2 kwa 5,000 kila kimoja. Kufungua nyumbani, nusu yake ni maranda! Ilitoka banda la kuku wa nyama, na huko maranda ndiyo matandiko. Muuzaji hakudanganya, samadi ya kuku wa nyama iko hivyo. Kwa hiyo kabla hujalipa, ingiza mkono hadi katikati ya kiroba, toa konzi moja, ipanguse kiganjani. Kama unaona vipande vya mbao kuliko kinyesi, tafuta banda la kuku wa mayai na uombe ile inayokwanguliwa chini ya vichanja. Nilipata viroba 2 kwa 6,000 kila kimoja, na harufu yake ilitosha kumtoa machozi aliyeniletea.

Majani mabichi Julai ni shida. Magugu yamekauka, maharage yamevunwa, kilichobaki kibichi kando ya barabara na makorongoni ni alizeti mwitu, ile yenye maua ya njano. Ndiyo hazina yenyewe. Majani yake yakikaushwa yana nitrojeni karibu asilimia 3.5 na potasiamu karibu 4, na fosforasi yake, ingawa ni kidogo, inaachiliwa haraka, jambo ambalo udongo wetu wa volkano unalihitaji. Wakati huu imeshatoa maua na shina limekuwa gumu, kwa hiyo chukua majani na ncha laini tu. Kijana wa jirani alikata mzigo wa kutosha kwa 5,000.

Mpangilio: mabua yaliyolowekwa kiganja kimoja na nusu, alizeti mwitu kiganja kimoja, samadi ya kuku vidole viwili, konzi chache za udongo wa bustani, maji. Majivu ya jikoni sikuweka. Yakikutana na samadi mbichi yanaifukuza nitrojeni ipande hewani. Kimo kimefika kifuani. Juu nimefunika kwa majani ya migomba na viroba vitupu.

Gharama: samadi ya kuku yote 22,000, kijana 5,000.

Katikati ya Julai. Moto

Kijiti hakishikiki. Nimeazima kipimajoto cha maabara, nikakifunga kwenye ufito na kukiingiza hadi moyoni mwa biwi: nyuzi 61. Asubuhi, kabla jua halijatoka, moshi mweupe wa mvuke unapanda juu ya viroba, na paka wa bibi ameshahamia pale.

Kati ya nyuzi 55 na 65 ndiko mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa hufia. Ila vinafia katikati tu. Pembeni hakuna moto huo. Ndiyo maana biwi hugeuzwa: cha nje kiingie ndani. Ukipita nyuzi 70 hivi, vijidudu wenyewe wanaanza kufa, basi geuza upesi na uongeze maji.

28 Julai. Lilipoa mapema

Baada ya kugeuza, joto lilirudi kidogo kisha likashuka hadi nyuzi 30. Kufukua: katikati kuna utando wa kijivu cheupe, vumbi vumbi, na mabua yamekauka kabisa. Utando si ugonjwa, ni vijidudu wanaofanana na ukungu na wanaopenda joto. Lakini wakitawala sehemu kubwa namna hiyo, biwi lina kiu. Moto wa ndani na upepo wa Julai vimelikausha kwa pamoja.

Kipimo cha unyevu: chukua konzi kutoka ndani, kamua kwa nguvu. Yatoke matone mawili matatu kati ya vidole. Yakitiririka, maji yamezidi. Konzi ikiachia na kusambaratika, ni kavu. Langu lilisambaratika.

Nililigeuza tena huku nikimwagilia kila tabaka, si juu tu. Kisha kileleni nikatengeneza kibonde badala ya kichuguu, maji yasikimbilie pembeni. Sehemu ya maji hayo niliichanganya na mkojo wa sungura wa bibi, kipimo kimoja kwa maji kumi. Upande unaopokea upepo nikaegemeza mabua mazima. Joto likapanda hadi nyuzi 54, likadumu.

Agosti. Kitalu

Mengi hayana haja ya maelezo. Nimesia nyanya, kabeji, spinachi na mnafu kwenye kitalu kilichoezekwa nyasi. Nyanya zinachelewa kuota kwa baridi; mwenye dirisha linalopata jua azianzishie ndani kwenye makopo. Mbegu zote pamoja 9,500, humo ikiwamo kilo ya maharage ya Uyole Njano ya kuzungushia ukingoni. Hii ni mojawapo ya aina zilizotoka kituo cha utafiti cha hapa hapa Uyole, na mabaki yake yatarudi kwenye biwi.

15 Septemba. Mboji imeiva? Bado

Kwa macho imeiva. Nyeusi, imeshuka hadi chini ya nusu ya kimo cha mwanzo, haina joto, inanuka udongo baada ya mvua ya kwanza. Vipande vya mabua bado vinaonekana lakini vinavunjika kwa vidole.

Kabla ya kuitia bustanini niliijaribu kwa makopo mawili: moja mboji tupu, moja udongo wa bustani, kila moja mbegu 20 za figiri. Kopo la udongo ziliota 18. Kopo la mboji ziliota 9, na zilizoota zina ncha za majani zilizoungua na mizizi mifupi ya kahawia. Mboji bado ina amonia na uchachu. Ingeingia bustanini, miche ingeungua na mimi ningeilaumu mbegu.

Jaribio hili halina gharama, na ningependa kila mtu alifanye kabla ya kupeleka mboji shambani. Pua inadanganyika, mbegu haidanganyiki.

Nimeigeuza, nimeinyunyizia maji kidogo, nimeifunika, nimeiacha ipumzike. Ndani nimekutana na mabuu meupe manene yaliyojikunja, wengi wakubwa kuliko kidole kidogo. Mengi ya kwenye biwi yanakula vitu vinavyooza, hayana kesi. Ila baadhi ya ndugu zao hula mizizi, na kwa kuwa sijui kuwatenganisha kwa macho, nimewakabidhi kuku wa bibi. Kesi imekwisha.

12 Oktoba. Matuta

Jaribio la pili la makopo: figiri 18 kwenye udongo, 17 kwenye mboji. Sasa twende.

Mboji nimeichekecha kwa chekeche la mchanga la fundi ujenzi. Mabua yaliyobaki juu ya wavu yanakuwa mbegu ya biwi lijalo, yamejaa vijidudu tayari. Matuta yana upana wa mita 1.2, mkono ufike katikati bila kukanyaga. Nimetia nusu debe la mboji kwa kila mita ya mraba, nikaichanganya na udongo wa juu tu, kisha matandazo ya nyasi kavu. Tuta moja nimeliacha bila mboji ili niwe na cha kulinganisha.

20 Oktoba. Sota

Asubuhi kabeji zimelala chini, shina limekatwa usawa wa udongo kana kwamba mtu amepita na wembe. Ni sota, kiwavi anayekata miche. Ukifukua kwa kidole kuzunguka mche uliokatwa, kina cha sentimita 2 au 3, unamkuta amejiviringa, rangi ya udongo, mnono. Hula usiku, mchana hujificha karibu na alipokula.

Nilianza na majivu kuzunguka miche. Yalisaidia mpaka umande ulipoyalowesha, basi. Kilichofaulu ni pete: chupa za maji za plastiki zilizokatwa vipande vya urefu wa kiganja, kila mche unavalishwa, sentimita 3 zinaingia ardhini. Na matandazo nimeyasogeza mbali na shina kwa muda, kwa sababu chini yake ndiko sota anakojificha. Miche ikishakuwa na shina gumu, matandazo yanarudi na pete zinavuliwa.

Desemba. Mvua na biwi la pili

Mvua imeleta tatizo la Julai lililopinduliwa. Majani mabichi yamejaa kila mahali: magugu, mbangi mwitu, alizeti mwitu changa. Biwi la pili nililipanga kwa hayo na samadi, nikaliacha wazi. Limeshonana likawa tope, linanuka mayai viza hadi jikoni. Hewa imekosekana, na vijidudu wasiohitaji hewa wamechukua usukani.

Dawa yake ni vitu vikavu, vigumu, vyenye nafasi katikati. Yaani mabua. Na mabua Desemba hayapo. Yaliyokuwa yamezagaa mashambani Julai yameliwa na ng'ombe au yamechomwa, na nyasi kavu nilizotafuta zilikuwa zimelowa huko huko zilikokatwa. Nilikuwa na mzigo mdogo chini ya upenu, uliobaki kwenye kazi ya Julai. Nao ndio ulioliokoa biwi: nililibomoa lote, nikalipanga upya kwa vipande vya mabua, nikasimamisha katikati fito chache zilizofungwa pamoja za kupitisha hewa. Harufu ilikwisha ndani ya siku chache. Juu nimeweka bati chakavu 2 kwa 4,000 kila moja.

Kwa hali yetu ya hewa hili ndilo jambo ninaloliona kubwa kuliko yote niliyoandika hapa. Kavu na mbichi havipatikani kwa wakati mmoja nyanda hizi. Mvua ni moja, Novemba hadi Aprili au Mei, kisha ukavu mrefu. Kwa hiyo Julai, mahindi yakishavunwa, kusanya mabua maradufu ya unayohitaji, yafunge matita, yaweke mahali pakavu kwa ajili ya Desemba. Na Aprili kata alizeti mwitu kabla haijachanua, ianike kivulini, uiweke kwenye viroba kwa ajili ya Julai. Ikikaushwa inapoteza nitrojeni kidogo, lakini inabaki nyingi.

26 Januari 2025. Hali ya matuta

Figiri na spinachi za kwenye mboji zina kijani kizito, majani mapana, na tunachuma kila wiki. Tuta lisilo na mboji lina majani madogo na ukingo wa njano, nalo ndilo linalonyauka kwanza mvua ikikatika kwa siku kadhaa. Kwa maoni yangu tofauti hiyo ya maji ni kubwa kuliko ya virutubisho. Mnafu unaota popote, sioni haja ya kuusifu.

Kabeji zilipata vidukari. Nimetumia majani ya utupa: yaponde, yaloweke usiku kucha, yachuje, ongeza kipande cha sabuni ya mche ishike kwenye jani, nyunyiza jioni. Yanafanya kazi. Tahadhari: utupa huua samaki, kwa hiyo usisafishie vyombo mtoni wala karibu na bwawa, na usinyunyizie mboga unayochuma kesho.

Nyanya zimekufa. Ugonjwa wa bakajani chelewa uliingia baada ya wiki ya ukungu na manyunyu: madoa ya kahawia yaliyolowa, utando mweupe chini ya jani, kisha shina jeusi. Jirani upande wa pili ana viazi mviringo, na ugonjwa ni mmoja. Mboji haizuii ugonjwa huu, na anayekuambia inazuia anakuuzia kitu. Hewa ya ubaridi na majani yaliyolowa muda mrefu ndivyo vinavyoulea. Miche iliyougua nimeing'oa na kuizika shimoni mbali na bustani, sikuitia kwenye biwi, kwa sababu la sasa lina nyuzi 45 tu na siliamini.

Gharama hadi leo: 20,000 za Juni, 27,000 za Julai, mbegu 9,500, bati 8,000. Jumla 64,500. Humo 10,000 ni za samadi yenye maranda na 4,000 za guta lililobeba maranda mengine, ambazo anayefuata shajara hii hana haja ya kuzitoa.

Nyanya nyingine zinasiwa Machi, chini ya paa la nailoni lililo wazi pande zote, majani yasiguswe na mvua. Fito ninazo. Nailoni nitaulizia bei soko la Mwanjelwa, nitaiandika hapa.